Chombo Kinachosadikika: Uteuzi wa Teknolojia katika Mchezo wa Uhusika wa Kihistoria, kwa Kurejelea Voi na Taita Taveta

Utangulizi

Makala haya yanahusu swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la kiufundi tu, ilhali kiini chake ni cha kimaadili: mtunzi anayeiweka kazi yake katika wakati uliopita ana wajibu gani anapochagua vyombo na zana zitakazotumiwa na wahusika wake? Je, achague kile ambacho hadhira itakisadiki, au kile kilichokuwapo? Aghalabu hudhaniwa kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Tutajaribu kuonyesha kwamba si mamoja, na kwamba pale yanapoachana ndipo mtunzi anapopimwa.

Utanzu tutakaoutumia kama uwanja wa mjadala ni mchezo wa uhusika. Kwa wasiouzoea, tueleze kwa ufupi. Watu wanne au watano huketi pamoja. Kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika mmoja, akasema kwa kinywa chake na kuamua atakalotenda. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita msimulizi, huelezea mandhari, huwasemea wahusika wengine wote, na huamua matokeo ya kila tendo kwa kufuata kanuni zilizokubaliwa, mara nyingi kwa kurusha dadu. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na mandhari yake ya awali yalikuwa ya kubuni kabisa: mazimwi, ngome na wachawi. Baadaye walijitokeza watunzi walioitaka historia yenyewe iwe mandhari. Hapo swali letu likawa gumu, maana zimwi halina jamaa wa kulalamika.

Huenda wapo wenzetu watakaouliza mchezo wa dadu unatafuta nini katika kurasa za uhakiki. Jibu ni kwamba sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumekwisha kukubali tangu zamani kwamba hadhira inayoitikia na kumkatiza fanani ni sehemu ya utungo. Mchezo wa uhusika unaupeleka ukweli huu hadi ukingoni: hadhira yenyewe ndiyo wahusika. Tofauti moja ni muhimu kwa hoja yetu. Msomaji wa riwaya hawezi kumwuliza mwandishi bunduki ya shujaa ina risasi ngapi, wala kama ujumbe uliotumwa jioni ungeweza kufika kabla ya alfajiri. Mchezaji huuliza, tena huuliza kwa sababu uhai wa mhusika wake unategemea jibu. Katika riwaya bunduki yaweza kuwa pambo la ukutani. Katika mchezo itateremshwa, itafunguliwa na kukaguliwa.

Mandhari tunayoyapendekeza ni nchi iliyo kati ya Voi na Taveta, kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916. Katika miezi hiyo Taveta ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, Voi ilikuwa kituo cha Waingereza kwenye reli ya Uganda, na kilomita zipatazo 110 za nyika kati ya miji hiyo zilikuwa uwanja wa doria, uvamizi na kiu. Waandishi wa Kiingereza wamekwisha kuiona thamani ya nchi hii na ya vita vile: William Boyd katika An Ice-Cream War (1982) na M. G. Vassanji katika The Book of Secrets (1994). Kiswahili, lugha iliyotumiwa na askari wa pande zote mbili, kwa maoni yetu bado kinadaiwa.

Usadikifu na ukweli

Aristotle alishauri katika Poetiki kwamba mtunzi apendelee jambo lisilowezekana lakini linalosadikika kuliko jambo linalowezekana lakini lisilosadikika. Ushauri huu umewafaa wengi. Shakespeare aliiweka saa inayogonga katika Roma ya Julius Caesar, na kwa karne nne watazamaji wameisikia ikigonga bila kuondoka ukumbini; kilichowashughulisha ni njama, si saa. Tungeweza kuishia hapo kama kusadiki kungekuwa kitendo kisicho na historia. Lakini ni nani aliyetufundisha kusadiki tunachokisadiki?

Tuchukue mfano. Msimulizi anawaambia wachezaji wake kwamba huko Taveta, mwaka 1895, wamisionari wanachapisha gazeti. Wachezaji watamtazama kwa mashaka. Reli haijaanza kujengwa Mombasa. Mji wa Nairobi haupo. Na katika bonde la mto Lumi, chini ya Kilimanjaro, kuna gazeti? Naam, lilikuwapo. Wamisionari wa Church Missionary Society, chini ya Kasisi Steggall, walianza kulitoa Taveta Chronicle mwaka 1895, na wanahistoria wa uandishi wa habari hulihesabu miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Taruma la kwanza la reli ya Uganda lililazwa Mombasa mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, huko Taveta gazeti lilitangulia garimoshi.

Sasa tumgeuzie mchezaji huyo huyo mfano wa pili. Mwambie kwamba katika mwaka huo wa 1895 watu wa Taita hawakujua kuyatumia maji isipokuwa kwa kuyateka kwa kibuyu. Hatashangaa hata kidogo. Ataandika kibuyu katika orodha ya mali zake na mchezo utaendelea. Ilhali ni uongo. Wakulima wa milima ya Taita na wa Taveta walikuwa na mifereji iliyoyachukua maji kutoka vijitoni na kuyapitisha kando ya miteremko hadi mashambani, pamoja na taratibu za zamu za kuigawa neema hiyo. Mfereji wa namna hiyo wahitaji jicho linaloweza kupima mwinamo mdogo sana kwa umbali mrefu, na wahitaji mabaraza ya kuamua ni nani atakayefungua maji leo na nani kesho. Teknolojia yake ni nusu udongo, nusu sheria.

Hapa ndipo tunapotofautiana na Aristotle, au angalau na wale wanaomtaja haraka haraka. Mizani ya kusadikika imekwisha kupindwa kabla ya mtunzi kuishika. Imepindwa na vitabu vya safari, na filamu, na masomo ya shule yaliyotuonyesha Mwafrika wa karne ya 19 kama mtu anayesubiri kufikiwa na vyombo. Mtunzi anayechagua kwa kufuata kile tu ambacho wachezaji watakikubali bila kuuliza anaurudia upinde huo, tena kwa moyo mweupe, akidhani anahudumia sanaa. Kwa hiyo twashikilia kwamba pale usadikifu na ukweli vinapogombana, haki ya kwanza ni ya wale waliokuwapo. Wao hawawezi kuketi mezani na kusema, la hasha, sisi tulikuwa na mifereji.

Lakini haki hiyo haimwondolei mtunzi kazi ya kusadikisha. Msimulizi akisema tu kwamba gazeti lilikuwapo na anayebisha akasome historia, ameshinda ubishi na amepoteza mchezo. Dawa yake, tujuavyo, ni kukionyesha chombo pamoja na mnyororo uliokifikisha mahali pake: mtambo na herufi za risasi havikufika Taveta kwa reli, karatasi ilipaswa kutoka pwani, lazima pawe na mikono iliyozipanga herufi na macho yaliyosoma. Mchezaji akiuona mnyororo huo, gazeti huacha kuwa kioja. Huwa mzigo wenye uzito, wenye kuchelewa njiani, wenye kuloa mvua. Na kitu kinachoweza kuloa mvua husadikika.

Mnyororo wa maji

Watunzi wa michezo hii hufikiri kwa orodha. Mwaka 1916, asema mtunzi, palikuwa na bunduki za kufyatua mfululizo, zile ambazo askari waliziita bombom. Palikuwa na simu ya waya. Palikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Palikuwa na ndege zilizoruka kutoka Maktau na Mbuyuni. Yote haya ni kweli. Vyote vilikuwapo kati ya Voi na Salaita. Na bado mchezo ulioundwa kwa orodha hiyo utakuwa mchezo wa uongo, kwa kuwa orodha haisemi kila chombo kilikunywa nini.

Kati ya milima ya Bura na mto Lumi hapakuwa na maji ya kudumu. Jambo hili moja liliamua zaidi ya majemadari wote. Waingereza walipoanza mwaka 1915 kuijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ikafika Maktau na baadaye Mbuyuni, walilazimika pia kulaza bomba la maji kutoka milima ya Bura, maana injini ya mvuke hunywa kuliko kikosi cha farasi. Askari walikunywa kutoka bomba hilo hilo. Mtunzi akilielewa hili, ramani nzima ya mchezo hubadilika. Swali la kivita huacha kuwa nani ameishika ngome ya Maktau. Huwa nani ameishika chemchemi. Mchezaji aliyevaa nafsi ya askari wa doria wa Kijerumani atagundua, kama Wajerumani wenyewe walivyogundua, kwamba baruti kidogo chini ya reli usiku ina thamani kuliko shambulio la mchana.

Kuna jambo la ziada, na hapa twaomba msomaji atulie nasi kidogo. Milima iliyotoa maji ya bomba ndiyo milima ya wenye mifereji. Teknolojia ya 1915 haikufika mahali patupu. Ilifika juu ya teknolojia nyingine ikabadilisha mwelekeo wa maji. Miaka arobaini na miwili baadaye, mwaka 1957, bomba la Mzima lilikamilishwa ili kuyapeleka maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, likipita katika nchi ambayo wakazi wake wengi walibaki na ndoo. Malalamiko juu ya maji hayo yamesikika Voi kizazi baada ya kizazi. Mchezo unaoanza mwaka 1914 unaweza kulipanda swali hilo bila kulitaja: yatosha mzee mmoja wa Bura amwulize mhandisi, katika kikao cha kwanza, maji haya yatarudi lini.

Tukirudi kwenye orodha, yatupasa kukumbuka pia kwamba chombo kilichokuwapo hakikuwa lazima kifanye kazi. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini waliokuwa wamefika karibuni, walikishambulia kilima cha Salaita. Ndege walikuwa nazo, magari ya deraya walikuwa nayo, mizinga walikuwa nayo. Mizinga ilikitwanga kilele, ilhali mahandaki ya Wajerumani na askari wao yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefichwa na vichaka. Washambuliaji walirudishwa nyuma. Kanuni za mchezo zinazompa mwenye ndege uwezo wa kuona kila kitu zimekosea hapa mara mbili: zimeisahau nyika, na zimedhani kwamba kuona ni kazi ya chombo, ilhali ni kazi ya mtu aliyefundishwa atafute nini.

Mfano wa kushindwa uliotukuka zaidi ni wa Tsavo, juu kidogo ya Voi katika reli. Mwaka 1898, simba walipokuwa wakiwaua wajenzi wa daraja, J. H. Patterson aliunda mtego kwa kutumia mataruma na vyuma vya reli: chumba kimoja kwa ajili ya simba, na nyuma ya fito za chuma chumba cha pili chenye watu wenye bunduki kama chambo. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, simba aliingia, mlango ukafunga, watu wakafyatua risasi kwa hofu wakamkosa, na risasi moja ikang'oa kizuizi mnyama akatoka salama. Msimulizi angelitunga tukio hilo wachezaji wangelalamika kwamba dadu zimepakwa. Lakini angalia jinsi chombo chenyewe kinavyosadikika: kila sehemu yake ilikuwa imelala pale pale kando ya njia. Hicho ni kipimo kizuri kuliko tarehe. Badala ya kuuliza tu kama kitu fulani kilikuwa kimekwisha kuvumbuliwa, mtunzi aulize mhusika wake angeokota nini akinyoosha mkono.

Ipo pia hekaya ambayo wageni wa Maktau na Salaita husimuliwa mara kwa mara, ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha katika mbuyu, akawa anawapiga risasi askari wa Kiingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Hatutaki kuamua hapa kama ni kweli; twataka tuone jinsi chombo kinavyoweza kuihukumu hadithi. Vikosi vingi vya askari wa Kijerumani viliingia vitani na bunduki za mtindo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa wingu la moshi. Mwenye bunduki ya namna hiyo akifyatua kutoka mbuyuni amejitangaza, na hekaya inakufa na risasi ya kwanza. Akiwa na bunduki mpya ya kiwindaji, kama walizokuwa nazo masetla, hekaya inaishi. Mchezaji atakayemchukua mwanamke huyu awe mhusika wake hana budi kuulizwa bunduki ameipata wapi, na kutokana na jibu hilo tutajua alikuwa mke wa nani, na shamba lake lilikuwa wapi. Chombo kimezaa wasifu.

Mpagazi katika orodha ya zana

Hapa twafikia jambo linalotukera zaidi katika kanuni za michezo ya vita tuzijuazo. Katika jedwali la vyombo vya usafirishaji huorodheshwa gari, baghala, ng'ombe wa kukokota, na mpagazi. Kila kimoja kina safu zake: uzito kinaobeba, mwendo kwa siku, chakula kinachokula. Mtunzi hakukusudia uovu. Amenakili jedwali la maafisa wa wakati ule, nalo ndilo jedwali la kihistoria kabisa! Mbung'o aliwaua farasi, baghala na ng'ombe, magari yalikwama, kwa hiyo binadamu aliwekwa mahali pa mnyama, akahesabiwa kama mnyama. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yametokana na kikosi chao, na wengi wanaonunua kiondo au nyanya huko hawalifikirii hilo.

Je, mtunzi aliondoe jedwali? Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa ni fedheha. Twaona kwamba kuliondoa ni kuficha hesabu iliyoua. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, ataumaliza mzigo wake mwenyewe katika siku 25 bila kumfikishia mtu yeyote chochote. Na akihesabiwa siku za kurudi, umbali wake wa manufaa ni chini ya nusu ya hapo. Afisa aliyetaka kwenda mbali zaidi alikuwa na njia mbili: aongeze wapagazi wa kuwabebea wapagazi, au apunguze posho. Mchezaji anayecheza nafasi ya afisa na afanye hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu, na dadu ziwekwe kando. Kisha kanuni imlazimishe jambo moja zaidi: kila mpagazi anayemwandika katika jedwali awe na jina, na kijiji, na mtu aliyemwacha nyumbani. Kanuni hii itauchelewesha mchezo. Na iuchelewesha.

Riwaya ya Boyd inatupa kielelezo cha kulinganisha. Mmarekani Temple Smith ana shamba la mkonge upande wa Taveta na mashine kubwa ya kuchakata majani, ambayo anaipenda kuliko tuwezavyo kuona anavyompenda mtu yeyote. Vita vinapoipotezesha, anaitafuta kama anayetafuta mtoto. Kama uteuzi wa chombo, ni sahihi na ni wa kipaji. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893, mimea 62 tu ikinusurika safari, na kufikia 1914 ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka. Mashine hiyo yasadikika, ina kelele, ina uzito, ina bei. Kasoro tunayoiona ni ya upande wa pili wa mashine, upande wa kulishia majani. Waliosimama hapo, wakikatwa na miiba na kuchomwa na maji ya mkonge, hatuwajui kwa ukaribu ule tunaoijua chuma. Kejeli ya Boyd inaweza kuwa imekusudia hivyo, kwa kuwa mwenye shamba ndiye mwenye macho katika sehemu hizo. Lakini katika mchezo wa uhusika kejeli hiyo haitoshi, maana huenda mchezaji mmoja akasema: mimi ndiye ninayelisha majani. Msimulizi asiyejua siku ya mfanyakazi huyo huanzaje hana mchezo.

Vyombo visivyohesabiwa

Chapurukha Kusimba na wenzake, katika utafiti wa akiolojia nchini Tsavo, wamechunguza mapango ya mlima Kasigau yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila kuunganishwa, kimbilio la watu na mifugo katika nyakati za hatari na biashara ya utumwa. Athari za ufuaji chuma pia zimepatikana katika eneo hilo. Mavi ya chuma hayasemi uongo: palipo nayo palikuwa na tanuri, na palipo na tanuri palikuwa na mtu aliyejua moto ukifika rangi gani autoe. Kwa hiyo mchezaji wa Kasigau ana haki ya ngome na ya mhunzi, na asipewe upinde peke yake.

Ugumu wa kweli unakuja tukifika kwenye fighi. Kwa Wadawida, fighi ni kichaka kitakatifu chenye uwezo wa kuilinda nchi dhidi ya wageni wabaya na maafa. Je, kiingie katika orodha ya teknolojia? Msimulizi akiamua kwamba fighi kinamzuia adui kwa nguvu zisizoonekana, ameandika ngano. Akiamua kwamba hakifanyi chochote, amekaa kwenye kiti cha mkuu wa wilaya. Tatizo hili si jipya katika fasihi yetu. Ebrahim Hussein alikabiliana nalo katika Kinjeketile (1969), ambapo maji ya vita vya 1905 hadi 1907 yako jukwaani, na tamthilia nzima inategemea tuyaone kwa macho gani. Hussein hakutupa maji yanayogeuza risasi, wala hakutuachia tuwacheke walioyanyunyizia miili yao. Alituonyesha maji yakifanya kazi waliyoiweza, ya kuwaunganisha watu waliokuwa wametengana, na kisha akatuonyesha gharama yake.

Tunapendekeza msimulizi afuate njia hiyo. Fighi kina watunzaji, kina mipaka inayojulikana, kina makatazo yanayowafanya vijana wasikate miti ya mahali fulani, na msitu usiokatwa huficha njia na kuhifadhi chemchemi. Adui anayepita huko bila kujua mipaka yake anaonekana na watu asiowaona. Hayo yote yanaweza kuandikwa kama kanuni bila kumwomba mchezaji aamini wala akane. Kile kinachobaki zaidi ya hapo, msimulizi anyamaze, na kila mchezaji akibebe kwa imani ya mhusika wake. Grace Harris, katika kitabu chake Casting Out Anger (1978), alionyesha jinsi dini ya Wataita ilivyozingatia hasira na kuitoa moyoni. Mchezo ambao hasira ya wazee ina athari katika mambo ya kesho utakuwa karibu na Taita kuliko ule ambao dawa ina alama za nguvu na alama za kinga.

Kasigau, 1915

Tumeliacha mwisho jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kukishambulia kituo cha Waingereza huko Kasigau, serikali iliwatuhumu wenyeji kuwa wamemsaidia adui. Vijiji viliteketezwa, watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, mbali na mlima wao, katika pwani ya homa ambako wengi walifia. Waliosalia walirejea katika miaka ya 1930.

Tuitazame tuhuma hiyo kama wahakiki. Ndani yake mna dai la kiteknolojia: kwamba watu wa Kasigau walikuwa na njia ya kupata habari za Waingereza na kuzifikisha kwa Wajerumani kwa wakati. Afisa aliyelisadiki dai hilo alikuwa akifanya kazi ile ile anayoifanya msimulizi wetu, ya kuamua ni jambo gani linasadikika. Na ni ajabu kwamba watu ambao maafisa hawakuwadhania ufundi wowote siku nyingine zote, siku ya tuhuma walidhaniwa kuwa na mtandao wa upelelezi. Usadikifu ulipanuka pale ulipohitajika kuwaadhibu.

Katika riwaya ya Vassanji chombo kikuu ni shajara ya afisa wa Kiingereza katika mji wa kubuni wa Kikono, shajara inayoibwa na kupita mikono mingi. Vassanji ameelewa kwamba katika nchi hii ya mpaka aliyekuwa na kalamu alikuwa na uwezo wa kuamua nini kilitokea. Kasigau haikuacha shajara ya namna hiyo. Kilichoandikwa ni cha upande mmoja; kingine ni kumbukumbu za mdomo.

Kwa hiyo mchezo wetu ukifika Kasigau, na lazima ufike, mchezaji mwenye nafsi ya afisa atauliza: je, wangeweza kupeleka habari? Msimulizi ana majibu matatu rahisi. Akisema ndiyo, ameitia sahihi hati ya kuwahamisha. Akisema hapana, amewanyang'anya akili ili awape usafi, kana kwamba asiye na hatia ni yule tu asiyeweza. Akirusha dadu, ameigeuza hukumu ya watu kuwa bahati nasibu. Tunadhani jibu la haki ni kumwekea afisa mezani yale tu aliyoweza kuyajua: umbali kutoka mlimani hadi kambi ya Wajerumani iliyo karibu, siku ambazo mtu wa miguu angezihitaji, na maji ambayo angepaswa kuyabeba, ukweli kwamba doria za Kijerumani ziliijua nyika hiyo bila msaada wa kijiji chochote, na ukweli kwamba wapo watu wa Kasigau ambao wangeweza safari hiyo na hawakuonekana wakiifanya. Kisha mchezaji aandike amri yake kwa mkono, kwa jina la mhusika wake, na kuisoma kwa sauti mbele ya mchezaji aliyeketi upande wa pili wa meza, ambaye kwa miezi kadhaa ya mchezo amekuwa mzee wa Bungule, na ambaye mifugo yake, mifereji yake na wajukuu wake tayari wana majina.